Kikombe Chini ya Kisahani

Tarehe 6 Februari

Mwanangu Bi Chupa,

Barua yako nimeipata, na ile kadi yenye picha ya jengo la maabara yenu nimeisimamisha juu ya redio. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu mimi na simu, kama unavyojua, hatuelewani. Sikio la kulia lilikwisha kwa nyundo, na la kushoto linachagua la kusikia. Ukinipigia, Mama Pacha anasimama uani anapaza sauti, "Fundi! Binti yako anauliza kama umekula!" na mtaa mzima unajua nimekula nini kabla mimi sijajibu.

Sasa ni miezi mitano tangu mama yako atutoke. Nyumba ni ile ile. Miwani yake bado iko juu ya cherehani, mkono mmoja umekunjwa na mwingine umevunjika. Nilitaka kumuungia akiwa hai akakataa. "Utaniwekea risasi," alisema, "nivae miwani nzito kama betri ya lori." Wiki iliyopita niliichukua ili niitengeneze, nikairudisha ilipokuwa. Na kila asubuhi, kabla akili haijaamka vizuri, macho yanakwenda mezani kutafuta kile kikombe cha maji chenye maua, kimefunikwa kisahani. Unakikumbuka? Alikuwa ananiwekea kabla ya kwenda kufundisha shuleni, kila siku ya Mungu, hata siku tulizokuwa tumenuniana.

Karakana nimeifunga. Wenye betri mbili za mwisho wamekuja kuzichukua. Miaka thelathini na mbili nimepasua betri na kuyeyusha risasi, na sasa mikono imekosa kazi, imeamua kucheza yenyewe. Usishangae mwandiko. Si kuku aliyepita na wino miguuni, ni mimi.

Kisima kina maji mengi mwaka huu. Mama Pacha bado anapanga kile chumba cha uani, na wale wanawe wawili wameanza kutembea. Mmoja akianguka, wa pili ndiye anayelia.

Nina swali. Siku ile unaondoka uliukata karibu mrehani wote wa mama yako, ule wa kwenye ndoo ya buluu pale barazani, ukaufunga kwenye gazeti. Nikadhani unataka wa chai. Sasa unaniandikia eti umeupika kwenye oveni. Umeupikaje, na umeula na nini?

Baba yako,
Fundi

*

Tarehe 20 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijaula, Baba. Nimeutengeneza taa.

Sikiliza. Niliosha majani ya Mama, nikayakatakata, nikayatia na maji safi kwenye kopo zito la chuma ambalo kifuniko chake kinakazwa kwa skrubu. Nikaliacha kwenye oveni kuanzia asubuhi hadi jioni. Kilichotoka ni maji ya rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Nikayachuja. Profesa akachungulia akaniuliza, "Bi mtafiti, na sukari iko wapi?" Nikavuta pazia, nikazima taa, nikamulika ile chai kwa tochi yenye mwanga wa zambarau. Ikawaka buluu, Baba. Buluu ya moto wa gesi. Profesa aliniomba tochi amulike mwenyewe.

Ndani ya ile chai mna chembe za kaboni, yaani ndugu za mkaa wa jikoni, ila ndogo mno. Ukizipanga kwenye upana wa unywele mmoja, zaidi ya elfu kumi zinaenea. Ukizimulika kwa mwanga huo usioonekana vizuri kwa macho, zinaurudisha kwa rangi yake. Na zina tabia moja: zikikutana na risasi iliyojificha kwenye maji, hata kidogo ambacho huwezi kukiona wala kukionja, nuru yake inafifia. Watu wengi wamekwisha kujaribu jambo hili na majani ya namna nyingi, wala si mimi niliyelivumbua. Lakini majani haya ni ya Mama.

Profesa anataka tuyajaribu nje ya maabara, kwenye maji ya watu. Nimekuchagua wewe. Kwenye kifurushi utakuta tochi, chupa ya matone ya ile chai na chupa tatu ndogo. Ya kwanza tia maji ya kisima chetu. Ya pili tia maji ya bomba la shule aliyofundisha Mama. Kila moja dondoshea matone matano. Ya tatu, yenye kifuniko chekundu, imekwisha jazwa, usiifungue. Tafuta mahali penye giza, zimulike zote, kisha uniandikie ulichokiona. Ulichokiona tu, Baba.

Mikono inatetemeka zaidi asubuhi au jioni? Nauliza tu.

Mwanao,
Bi Chupa

*

Tarehe 9 Machi

Mwanangu Bi Chupa,

Kifurushi kimefika salama. Nimefanya kama ulivyosema, mchana, mahali penye giza la kutosha. Chupa zote tatu zinawaka. Buluu safi, hakuna hata moja iliyofifia.

Nimefurahi kuliko unavyodhani. Usiniulize kwa nini. Leo nimepiga mswaki, nimenyoa ndevu, nimekula viazi vyote Mama Pacha alivyonipa.

Mikono ni ya uzee tu.

Baba yako,
Fundi

*

Tarehe 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara tatu na sijui nianzie wapi.

Ile chupa ya kifuniko chekundu nilitia risasi makusudi, kwa mkono wangu. Kabla ya kuifunga nilihakikisha haiwaki. Haiwezi kuwaka kwako. Ni kama useme betri uliyoitoboa imewasha gari.

Baba, hukupima. Nahisi ulizipanga mezani, ukaziangalia, ukaona uniandikie kitu cha kunifurahisha. Nakufahamu. Nilipokuwa na miaka sita nilikuchanganyia dawa ya mafua kwenye chupa ya wino, maji na majani na majivu. Ulijifanya kuinywa, ukapiga makofi, ukasema umepona papo hapo, na usiku kucha nikakusikia unakohoa. Hapo ndipo ulipoanza kuniita Bi Chupa. Nilikupenda kwa uongo ule. Lakini sasa mimi ni mtu mzima na hili si dawa ya kuchezea.

Maji ya kisima mnayanywa. Pacha wanayanywa. Tafadhali pima kweli.

Mwanao

*

Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Barua yako imenikaa kifuani kama tofali. Ni kweli sikuvuka darasa la saba, lakini kupima najua. Miaka yote hiyo nimepima asidi kwa kipimo cha kioo, na sijapata kumwambia mtu betri yake ni nzima wakati imekufa. Kwa hiyo nitakueleza nilichofanya, ingawa nilitaka kibaki siri yangu.

Nyumba yetu haina giza mchana. Aliyeijenga alipenda madirisha. Mahali pekee penye giza ni kabati la mama yako. Nguo zake bado zimo, sijaweza kumpa mtu. Nikaingia na zile chupa zako, nikakaa juu ya viatu vyake, nikavuta mlango.

Nilipowasha tochi, kila kitu kikawaka. Lile gauni lake jeupe la siku ya zawadi shuleni, ambalo alilishona mwenyewe akachukia kola yake hadi mwisho, likawaka buluu kutoka shingoni hadi chini. Blauzi zikawaka. Hata leso iliyosahaulika mfukoni. Nikashika chupa mbele ya gauni na zote zikawa buluu, nikadhani mwanga wa chupa ndio umelijaza kabati. Nikasema moyoni, ama kweli majani haya ni ya kwake, yanamtambua. Nikakaa humo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Gauni lina harufu yake bado, chini ya kwapa la kushoto.

Kisha nikasikia, "Fundi? Fundi!" Mlango ukafunguliwa. Mama Pacha, na pacha mmoja kiunoni.

"Unatafuta nini humo?"

"Soksi."

"Na mlango umejifunga wenyewe?"

"Soksi zangu zinaogopa mwanga."

Akaitazama tochi, akazitazama chupa, akanitazama mimi nilivyokunjana kama mwavuli. Hakucheka. Alisema, "Fundi, huzuni ni huzuni, lakini toka kwanza unywe chai."

Hivyo ndivyo nilivyopima. Kama nimekosea, nimekosea. Lakini sikukudanganya.

Baba yako,
Fundi

*

Tarehe 8 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Nilisoma barua yako nikiwa maabara, nikacheka ulipofika kwenye soksi, kisha nikalazimika kutoka nje nikasimame penye ngazi, kwa sababu watu walikuwa wanauliza nina nini.

Hukukosea kuona. Nguo zake zinawaka kweli. Ni sabuni ya unga, Baba. Wenye viwanda hutia humo kitu kinachowaka buluu ili nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi, na hukaa kwenye nyuzi hata baada ya kusuuza. Mama alifua lile gauni labda mara mia. Hakuna mtaalamu hapa kwetu ambaye angelifikiria. Wote wanapimia kwenye kisanduku cheusi, hakuna anayepimia ndani ya nguo za mke wake.

Lakini mwanga wa gauni uliizidi nguvu ile chupa iliyofifia. Kwa hiyo rudia. Safari hii mahali pasipo na nguo, wala karatasi nyeupe. Na ukimaliza, ufunge kabati taratibu. Usimpe mtu lile gauni, ni langu.

Nina jambo la kukuambia ambalo lingempendeza Mama. Wiki hii tulitia chembe zake kwenye seli zilizo hai, tunazozikuza kwenye visahani vya kioo. Seli ni vile vijumba vidogo ambavyo mwili wote umejengwa navyo. Chembe hazikuziua. Ziliingia ndani kimya kimya na kukaa. Nilipotazama kwenye hadubini, seli zilikuwa zinawaka moja moja, na katikati ya kila moja doa jeusi kidogo, kama nyumba ambayo taa zote zimewashwa isipokuwa chumba cha kulala. Nikamsikia kabisa anavyosema, "Zimeni taa, nani analipia?"

Pima, Baba. Niandikie haraka.

Bi Chupa wako

*

Tarehe 2 Mei

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu na nusu, kimya. Nimepiga simu, Mama Pacha anasema u mzima lakini huongei, na kwamba kamba ya kisima imekatika na wewe hutaki kununua nyingine. Kamba? Wewe uliyewahi kurekebisha hata mkanda wa saa ya jirani?

Umeona nini kwenye zile chupa?

Mwanao

*

Tarehe 11 Mei

Mwanangu Bi Chupa,

Nilipima tarehe kumi na sita ya mwezi uliopita. Niliziba madirisha ya karakana kwa mabati, nikakaa kwenye kiti changu cha zamani. Chupa ya shuleni iliwaka vizuri sana. Ile nyekundu ilikuwa giza. Ya kisima niliidondoshea nikiitazama. Ilianza kuwaka, kisha ikafifia taratibu, kama mtu aliyekutambua barabarani akageuza uso.

Nilirudia mara nne. Matone yakaisha.

Kamba haikukatika. Niliifungua mwenyewe nikaificha chini ya kitanda, nikamwambia Mama Pacha imekatika, ili aende kuchota shuleni. Nilidhani nimefanya la maana, watoto hawatakunywa na mimi sitasema. Nikakaa hivyo siku kumi na nane. Kisha nikamwona anapanda kilima na ndoo kichwani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine anamburuta kwa mkono, na ananisalimia kwa furaha, "Fundi, mazoezi haya, nitarudi kuwa msichana!" Nikashindwa.

Nikamwambia, "Mama Pacha, maji ya kisima yana risasi."

"Nani ameitia?"

"Mimi. Miaka yote niliyoosha pale vibati vya risasi vya ndani ya betri, na kumwaga maji yake, na majivu."

Akaitua ndoo. "Na kamba?"

"Haikukatika."

Akasema neno ambalo bado nalisikia kwa sikio hili bovu. "Ulipojificha kabatini nilikuonea huruma, Fundi. Kumbe na mimi ulikuwa unanificha." Akaingia ndani. Kesho yake aliwapeleka wanawe hospitali, nami nikaenda nyuma yao, hatua kumi hivi, kwa kuwa hakuniambia nije na hakuniambia nisije. Walitolewa damu. Tunasubiri.

Kisima nimekifunika kwa zege. Sasa nikuambie lililonifunga mdomo.

Daktari alisema figo za mama yako zilichoka. Hakusema zilichoshwa na nini. Mimi nilijua tangu ujana kuwa risasi ni mbaya. Bosi aliyenifundisha kazi alikufa nayo, akiwa na fizi za buluu. Lakini nilidhani ni mbaya kwa anayeishika tu. Siku tuliyomzika, nikiwa nimesimama pale, wazo likanijia kwamba huenda ni mimi. Tangu siku hiyo sijalala vizuri ila siku moja, ile niliyotoka kabatini.

Nakumbuka alikuwa anabeba dumu la maji kutoka shule kila jioni. Nilimtania mbele za watu: "Kisima kiko mlangoni, mke wangu anateka ugenini!" Naye alikuwa ananijibu, "Ya kwako yana ladha ya msumari." Tukicheka. Lakini chai alipika kwa maji gani? Supu je? Niliishi naye miaka ishirini na tisa na sikuwahi kutazama sufuria inajazwa na nini.

Nakutumia kitana chake. Wewe uliniambia wakati fulani kwamba nywele hutunza habari za mtu. Nywele zake zimo bado. Fupi nyeupe ni zangu, tulikuwa tunatumia kitana kimoja, alinigombeza sana kwa hilo. Pima. Nataka kujua kama nilimuua mama yako. Usinichanganyie dawa ya kwenye chupa ya wino.

Fundi

*

Tarehe 3 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Naanza na jibu, kwa sababu najua utaruka mistari kulitafuta.

Nywele za Mama hazina risasi ya kutisha. Zina ile kidogo ambayo yeyote kati yetu anayo kwa kuishi tu duniani. Sikutumia matone yangu. Nilipeleka kwenye mashine kubwa, na nikamwomba mwenzangu apime bila kujua ni za nani. Alirudia mara tatu. Hakunywa maji yale, Baba. Hakupika nayo. Sasa nakumbuka: dumu la shule ndilo lililojaza sufuria, birika na chupa yangu ya kwenda nayo darasani. Ya kisima yalikuwa ya kufulia na kudekia. Siku moja nilikunywa kisimani kwa kiganja, akanichapa mkono, na yeye hakuwa mtu wa kuchapa. Sijui alijua nini. Pengine ulimi wake tu ulimwambia. Figo za bibi nazo zilichoka hivyo hivyo, na bibi hakuwahi kuishi karibu na betri. Kila kitu siwezi kukuapia. Hili naweza: kwa maji ya kisima hukumuua.

Sasa zile nywele fupi nyeupe. Zina mara kumi na tano ya zake.

Nami nina siri yangu. Profesa hakunituma nipime maji ya watu. Nilimwomba mimi. Barua yako ya Februari ilipofika niliiweka kando ya barua uliyoniandikia miaka minne iliyopita, ukinipongeza kwa kufaulu. Zile herufi zilikuwa zimenyooka kama misumari kwenye sanduku. Hizi zinatetemeka. Halafu unaniambia mikono inacheza yenyewe, na kwenye simu Mama Pacha anataja tumbo lako linalokaza. Niliogopa kwa ajili yako tangu mstari wa kwanza, na sikuthubutu kusema, nikijua utasema ni uzee. Ndipo nikakutumia chupa. Kumbe wewe huko unaogopa jambo lako na mimi huku langu, tunaandikiana habari za viazi.

Nenda hospitali, Baba. Uwaambie kazi uliyofanya na uwaoneshe karatasi niliyoiambatanisha. Kuna dawa ya kuivuta risasi kutoka mwilini. Haitarudisha kila kitu, lakini itazuia isiendelee kula. Nenda wiki hii.

Mambo mawili siyaelewi. La kwanza, ulipataje risasi yote hiyo? Najua karakana na moshi wake, lakini kiasi hiki ni cha mtu anayeinywa. Na Mama alikuwa anakuwekea maji ya dumu kila asubuhi, kwenye kikombe cha maua. Nilikuwa nakuta kikombe kimegeuzwa, kitupu.

La pili, mrehani. Ndoo iko hatua tatu tu kutoka kisimani. Niliyapima yale majani kabla ya kuyapika, nikitegemea kuyakuta machafu kwa moshi wa karakana, niyatupe. Ni safi, Baba. Safi kuliko ya sokoni. Ndiyo maana yanawaka hivi. Ulikuwa unaumwagilia maji gani?

Mwanao anayekupenda,
Bi Chupa

*

Tarehe 17 Juni

Mwanangu Bi Chupa,

Barua yako niliisomea barazani, nimeketi kando ya ndoo ya mrehani. Nilipomaliza mstari wa nywele za mama yako niliiweka chini, nikaingia ndani, nikatengeneza mkono wa miwani yake. Nimeufunga kwa uzi. Hakuna risasi.

Majibu ya pacha yametoka. Wanayo kidogo, daktari anasema wasiguse tena maji yale, wale vizuri, warudi baada ya miezi mitatu. Mama Pacha ameanza kunisalimia. Jana alisema, "Fundi, kilima kile ni chako sasa, mazoezi mimi nimemaliza." Kwa hiyo maji nabeba mimi, dumu moja lake na moja langu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Dumu la mama yako ni zito, mwanangu. Sikujua. Alilibeba miaka yote ile nami nikisimama mlangoni namtania.

Maswali yako mawili yana jibu moja, na sijapata kumwambia mtu.

Alikuwa akiondoka asubuhi, ananiachia kikombe mezani. Nilikuwa nangoja apite kona. Halafu nafunua kisahani, nachukua kikombe, natoka nacho barazani, nayamwaga yote kwenye ndoo ya mrehani. "Kunywa wewe," namwambia mrehani. Kisha nakwenda kisimani na kopo langu, nakunywa maji yangu, baridi, hadi nishibe. Nilijiona mwanamume. Kisima nilikichimba mwenyewe mwaka tuliooana, na sikutaka kuambiwa kina ladha ya msumari. Kikombe nakigeuza juu ya meza. Jioni akirudi anakitazama, anakichukua, anakiosha. Uso wake ulikuwa unatulia. Mara moja alisema, "Umekunywa?" Nikasema, "Nimekunywa." Hiyo ni miaka, mwanangu, si siku.

Kwa hiyo huo mwanga wako wa buluu ni maji yangu, yale niliyoyakataa.

Hospitali nimekwenda. Walinitoa damu wakaniuliza kazi, nikawaambia. Daktari ni msichana wa umri wako. Alipiga magoti yangu kwa kinyundo, akanisimamisha kwa mguu mmoja, nikamwambia nyundo hiyo ni ndogo, kwangu zipo za maana. Wananilaza kuanzia Jumatatu. Hawakuniahidi kitu, na nimependa hivyo. Funguo nimemwachia Mama Pacha. Kabati la mama yako nimelifunga taratibu, na gauni lako limo.

Leo asubuhi nilijaza kikombe cha maua kwa maji ya shuleni. Nikakifunika kisahani. Nikakaa mezani, nikakifunua, nikayanywa yote, taratibu, hadi tone la mwisho. Kisha nikajaza cha pili, nikaupelekea mrehani, maana umezoea.

Nimekukatia matawi mapya, yamo kwenye gazeti humu ndani. Siku utakayoyapika, ukavuta pazia na kuwasha tochi yako, unikumbuke.

Baba yako,
Fundi